Gari inayolala mu parseli, asuransi yake ni ya nini?

Ku Kolwezi, ku Fungurume, ku Likasi, hata ku Lubumbashi, kuko magari mingi yanayolala kuliko yanayotembea. Mufanyakazi wa mine anapanda bisi ya kampani mbele jua halijatoka, anarudi giza limeingia. Yule wa rotation anaingia mu kambi juma tatu ao ine, halafu njo anarudi nyumbani kwa siku zake za kupumzika. Gari yake inamungojea chini ya muembe, imefunikwa. Inatoka siku ya kwenda kanisani, siku ya ndoa, siku ya matanga. Wazee wa Gécamines nao wako na zao: Peugeot 504, Mercedes ya miaka ya 1980, Coccinelle yenye rangi mupya na moteri ya zamani. Hazitoke pengine mara kumi kwa mwaka, lakini mwenyewe hakubali kuuza, juu ile gari ni jasho la kazi ya miaka mingi.

Asuransi (wengine wanaita bima) ikimalizika, mu nyumba kunaanza mabishano. Nilipe mwaka muzima juu ya gari inayotembea siku makumi tatu? Bibi anahesabu minerval ya watoto, bwana anahesabu mipira ya kubadilisha, na mwisho karatasi ya asuransi inabaki ile ya mwaka uliopita. "Haitoke, italeta accident namna gani?" Maneno hayo yanaonekana kuwa na akili. Tuyaangalie karibu.

Mbele, hatukukuwa na kuchagua. SONAS, kampani ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1966, ilikuwa peke yake kwa miaka makumi. Sheria ya Januari 1973 ililazimisha kila mwenye gari kuwa na asuransi ya kulipa wengine anaowaumiza, ile inayoandikwa mu Kifaransa «responsabilité civile». Mulango wa kuipata ulikuwa mumoja tu. Halafu ikaja sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015, ni kusema Code des assurances, iliyofungua soko. Ikawekwa na mamlaka ya kuchunga kampani hizo, ARCA. Tangu 2019 kampani za watu binafsi zimepata ruhusa: leo, pembeni ya SONAS, unasikia majina kama Activa, Rawsur, SFA Congo, Mayfair. Mawakala wao wanatafuta wateja wenye mushahara wa kila mwezi, na mutu wa mine njo mteja wa kwanza wanayemufikiria.

Soko limefunguka, lakini desturi yetu ilibaki ya zamani. Wengi wetu tunanunua karatasi ya kuonyesha polisi wa roulage. Hatununue ulinzi. Angalia vile hiyo inatupotosha: kama karatasi ni ya polisi, basi mutu ambaye gari yake iko nyuma ya ukuta anaona haina lazima, juu polisi haingie mu parseli yake. Na yule anayelipa anatafuta ile ya bei ya chini kabisa, haisome, anaiweka mu gari pamoja na «carte rose» na vinyeti, anasahau. Siku ya shida njo anasoma kwa mara ya kwanza, na siku hiyo hakuna neno anaweza kubadilisha.

Kuko kesi moja ya Ulaya ambayo kila mwenye gari inayolala angepaswa kuijua. Ku Portugal, mama mumoja aliacha kuendesha juu ya ugonjwa. Gari ikabaki mu kiwanja cha nyumba yake. Hakuitoa mu vitabu vya serikali, hakuiuza, hakulipa asuransi: alisema haitembei. Mu Novemba 2006, mutoto wake akaichukua bila kumujulisha. Gari ikatoka mu barabara. Mutoto akafa, pamoja na watu wawili waliokuwa ndani. Mufuko wa serikali unaolipia magari yasiyo na asuransi ukalipa familia za wale wawili zaidi ya euro 437.000. Kisha ukamugeukia yule mama: rudisha. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na tarehe 4 Septemba 2018 ikajibu: gari iliyo na namba, inayoweza kutembea, inapaswa kuwa na asuransi hata kama mwenyewe ameiegesha kwake na hana nia ya kuiendesha. Tena, sheria ya inchi inaweza kuruhusu ule mufuko umufuate mwenye gari, hata kama si yeye aliyeleta accident.

Hukumu hiyo ni ya Ulaya, haifunge mahakama ya Kolwezi. Lakini shida ya yule mama ni ya kwetu kabisa. Baba yuko mu kambi ya mine, funguo iko mu droo ya mama, kijana wa miaka kumi na nane anataka kupeleka warafiki ku anniversaire. Nani asiyejua nyumba ya namna hiyo? Na sheria yetu haikunyamaza. Kifungu 260 cha Code civil, kitabu cha tatu, kinasema mutu anajibu si kwa makosa yake tu, lakini hata kwa ya wale anaowachunga, na kwa vitu alivyo navyo chini ya ulinzi wake. Baba anajibu kwa watoto wanaokaa naye. Bwana akifa, mama njo anajibu. Gari iliyoachwa na marehemu, inayolala mu parseli ya mjane bila asuransi, ni deni linalongoja kupata jina. Familia ya marehemu inapokutana kugawa vitu, inabishana nani atabaki na gari. Siku moja iulize pia nani analipa asuransi yake.

Basi sehemu ile ya kulipa wengine haina mabishano, gari itembee ao ilale. Kwa kawaida bei yake inafuata nguvu ya moteri na kazi ya gari, ya binafsi ao ya biashara. Gari ndogo ya nyumbani haiko mu bei ya kutisha. Mabishano ya kweli yanaanza baada ya hapo: niongeze nini, na juu ya gari gani?

Hapa mutu wa mine anadanganyika mara mingi, juu yuko na feza ya kulipa. Wakala anamuambia: chukua «tous risques», wengine wanaandika «omnium», utalala usingizi. Kwa gari mupya iliyonunuliwa na kredi ya banki, ni vizuri, na pengine banki yenyewe inalazimisha. Kwa gari ya miaka makumi tatu, neno la kuangalia ni lingine: valeur. Kampani itakulipa kwa hesabu gani siku gari imekufa?

Mu mikataba mingi imeandikwa «valeur vénale». Maana yake, bei ambayo gari ingeuzwa sokoni siku moja mbele ya accident. Tuseme muzee alinunua Mercedes yake, akatafuta vipande ku Dubai na ku Ubelgiji, akafanya rangi, viti, moteri. Kwa jumla ametia dola 12.000. Mutu wa kampani anafungua hesabu yake: gari ya mwaka 1984, bei ya soko dola 3.500. Atalipa 3.500, na hakudanganya, mukataba ulisema vile. Mubaya zaidi: kutengeneza kukipita bei hiyo, wanasema gari imekufa kabisa. Mulango na taa ya mbele za gari ya zamani zinaweza kupita bei ya gari yenyewe ku hesabu zao, na wewe unaona inatengenezeka kwa fundi wako wa kila siku.

Neno unalotafuta ni «valeur agréée», valeur iliyokubaliwa. Mbele ya kutia sahihi, expert anakuja, anaangalia gari, anaandika bei, nawe na kampani munakubaliana kwamba siku imekufa ao imeibiwa, feza ni hiyo. Ku Ufaransa, gari iliyopita miaka 30 inaweza kupata karatasi ya «véhicule de collection», na kuko mikataba iliyofanywa juu ya magari hayo tu. Inakuwa ya bei ya chini kuliko ya gari ya kila siku, juu gari inatembea kidogo, inalala mu garaji yenye kufungwa, na mwenyewe mara mingi anaombwa kuonyesha kama iko na gari ingine ya kwenda kazini. Kwetu usikamate jina, kamata vitu vilivyo ndani: bei iliyokubaliwa na expert, matumizi kidogo, pahali pa kulala pa kufungwa. Kampani inayokubali kuandika vitu hivyo vitatu ku karatasi ya «conditions particulières», hata kama haiite collection, imekupa kile unahitaji. Ile inayokuambia kwa mudomo tu "usiogope papa, tutaelewana", haijakupa kitu.

Na usijaribu kucheza na bei. Kuko hesabu moja ya asuransi inayoitwa «règle proportionnelle». Gari yako ni ya dola 10.000, unasema ni ya 5.000 ili ulipe kidogo. Mwezi wa sita unagongwa, kutengeneza ni dola 4.000. Unawaza: 4.000 iko chini ya 5.000, watalipa yote. Hapana. Ulilipia nusu ya gari, watalipa nusu ya uharibifu: 2.000. Halafu wanatosha «franchise», sehemu inayobaki juu yako. Kama ni 300, unarudi nyumbani na 1.700. Kuongeza bei nako hakusaidie. Ukisema 15.000 juu ya gari ya 10.000 bila expert, unalipa juu ya 15.000 na kupokea 10.000. Wakala hatakukataza sana, kwa maana komisyo yake inafuata kile unacholipa.

Ili expert akuandikie bei ya haki, mupatie kazi rahisi. Picha za gari pande zote, ndani, moteri, namba ya shasi. Fakitire za vipande na za fundi, hata ile karatasi ya kuandikwa na mukono yenye sahihi na tarehe. Kopi ya «carte rose» yenye jina lako. Hapo wengi wanaanguka: gari inanunuliwa mara tatu, karatasi inabaki na jina la yule wa kwanza aliyekwisha kuhama. Kama karatasi haisemi gari ni yako, kampani itauliza inamulipa nani, na jibu linaweza kuchelewa miezi.

Neno lingine lililofichwa ni «usage», kazi ya gari. Umeandikisha gari ya matembezi ya familia. Sasa gari za zamani zinapendwa kwa ndoa: Mercedes nyeupe yenye maua, bibi-arusi ndani, na mwenyewe anapokea dola zake kila jumamosi. Hakuna ubaya, ni kazi. Lakini siku umepokea feza, gari imekuwa ya kukodisha, na kampani iko na haki ya kuuliza kwa nini hukusema. Ni vile vile kwa Ipsum ya mufanyakazi anayemupatia ndugu yake afanye taxi wakati yeye yuko mu kambi. Hiyo si gari inayolala tena! Ikigonga mutu ku Dilala, mwenyewe aliye chini ya mine hata habari hana, na karatasi yake inasema «promenade». Ongeza bei kidogo, andikisha kazi ya kweli. Uliza pia nani ameruhusiwa kuendesha. Mikataba mingine inataja waendeshaji kwa jina, mingine inakataa mutu asiye na permis ya miaka fulani. Kama kijana wako ataendesha, jina lake liingie. Kama hataendesha, funguo isibaki mu droo.

Gari yenyewe inapolala inaogopa nini? Moto na wezi, zaidi ya kugongwa. Waya wa zamani unaokauka, mupira wa esansi uliopasuka, batri inayobaki imefungwa miezi, mutoto anayechoma takataka ya parseli karibu. Garanti ya «incendie» na ya «vol» kwa kawaida inaweza kununuliwa bila kuchukua tous risques nzima, na kwa gari ya zamani isiyotoka sana njo ninaona iko na maana: ile ya lazima, plus moto, plus wizi, kwa bei iliyokubaliwa na expert. Ile ya kugongwa na kujigonga mwenyewe ni ya bei kali, na mutu anayetembea jumapili tu, polepole, anaweza kuiacha akiwa na akiba kidogo ya fundi. Wengine watasema hapana, barabara zetu na malori ya madini hazisamehe. Ni kweli kwa yule anayepita barabara ya Likasi–Kolwezi kila mwisho wa juma. Yeye achukue yote.

Lakini ku wizi, soma tena. Mwizi wa kwetu mara mingi habebe gari; anabeba batri, retro, mipira, redio. Garanti ingine inalipa gari iliyopotea yote tu, vipande havimo. Ingine inataka ukuta, portail ya kufunga, mulinzi wa usiku. Kama uliandika "garaji ya kufungwa" na gari inalala nje mbele ya nyumba kwa sababu parseli imejaa, umejifungia mulango mwenyewe.

Kuko wanaouliza: siwezi kusimamisha asuransi miezi gari inalala, na kuifungua nikirudi? Ama kununua ya miezi mitatu tu? Kampani zingine zinaweza kukubali mukataba mufupi ao kusimamisha sehemu fulani. Mimi ningesimamisha ile ya kujigonga, kamwe si ile ya kulipa wengine, juu ya kijana na funguo tuliyosema. Tena mukataba mufupi uko na mutego wake: unamalizika tarehe uko mu kambi, hakuna anayeona, unarudi siku ya ijumaa umechoka, jumamosi unaenda ku matanga Likasi na karatasi iliyokufa. Mutu wa rotation afanye tarehe ya mwisho iangukie mu siku zake za nyumbani. Ni jambo dogo la kuomba ku agence, na linalinda kuliko dola hamsini za punguzo.

Kwa wanaovuka Kasumbalesa kwenda Kitwe ao Ndola mara moja moja: karatasi ya Kongo inaishia ku mupaka. Kule unaomba karte ya manjano ya COMESA, inayolipa watu utakaowaumiza mu inchi zinazoikubali. Zambia imo, hata Tanzania. Afrika ya Kusini haimo. Na karte hiyo hailipe gari yako wewe. Ukiangusha Peugeot ya muzee mu mutaro wa Chingola, kuipandisha ku depaneji na kuitengeneza ni juu yako, isipokuwa mukataba wako wa hapa ulisema wazi unafuata gari mpaka kule.

Ku agence, uliza wakala maulizo haya na umuombe akuonyeshe kwa kidole pahali jibu limeandikwa: bei ya gari imekubaliwa ao ni ya soko, franchise ni ngapi, gari ikikufa, mabaki yanabaki na nani, juu mwenye gari ya zamani anayahitaji kwa vipande, ni siku ngapi za kutangaza accident. Siku hizo ni chache, na zinahesabiwa hata kama uko chini ya ardhi ku kilomita mia moja na nyumba yako. Kwa hiyo mama wa nyumba awe na kopi ya mukataba na namba ya simu ya kampani, ajue kutangaza yeye mwenyewe. Feza ilipwe ku banki ao ku kese ya kampani, upewe resu yenye jina lake. Usimupatie wakala mu mukono mbele ya mulango wa mine. Na kama kampani inakataa kulipa ao inanyamaza miezi, kwanza barua yenye tarehe na kopi iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, kisha malalamiko ku ARCA, ambayo iko na kazi ya kuchunga haki ya anayelipa. Barua hiyo haihitaji avoka. Inahitaji namba ya mukataba, tarehe, na zile karatasi za fundi ulizokuwa unataka kutupa.